Chai Chungu ya Aristides

Sura ya Saba

Majibu ya Mkemia Mkuu yalifika Bukoba kwa simu ya upepo, asubuhi ya mvua. Inspekta Buberwa aliyasikiliza mpaka mwisho, akamwomba mwenzake wa Dar es Salaam ayarudie, kisha akamtuma Koplo Yunus kwenda mahabusu kumleta Zabibu.

Zabibu alikuwa mjane aliyeishi mtaa wa Hamugembe, muuza majani ya dawa katika soko la Bukoba. Aliuza mchaichai, majani machungu ambayo Wahaya huyaita omubilizi, na vichupa vya mafuta aliyoyapika mwenyewe kwa mvuke nyuma ya nyumba yake. Watu walimwendea kusafisha damu, kusafisha tumbo, au kutoa sumu ya pombe mwilini. Mwezi uliopita Aristides, mkulima wa Muleba, alikunywa chai ya majani hayo akafa njiani akipelekwa zahanati. Tangu hapo Zabibu alikuwa ndani. Sokoni meza yake ilikuwa imevunjwa na watu ambao wengi wao walikuwa wateja wake.

Aliingia ofisini akiwa amejifunga khanga kichwani, akakaa bila kuambiwa.

"Majani yako hayana kitu," Buberwa alimwambia. "Mafuta tuliyoyakuta mezani kwako nayo hayana kitu. Lakini kikombe cha marehemu kilikuwa na dawa ya kunyunyizia mibuni."

"Mimi sina mibuni."

"Najua."

"Basi niende?"

"Bado. Kikombe kilikuwa na mafuta ya mkaratusi pia, na hapa mjini ni wewe tu unayeyapika. Ulimwuzia Aristides mafuta?"

Zabibu alitikisa kichwa. "Majani tu. Mkaratusi haunywewi, ndugu Inspekta. Ni wa kufukiza na kuchua kifua. Namwambia kila anayenunua."

"Aristides alikuja kwako mara ngapi?"

"Mara ya kwanza alikuja akakaa kwenye benchi langu, hakusema shida yake. Wateja wakaja, wakaondoka, yeye yupo. Nilisikia pombe kwenye pumzi yake nikadhani anaona haya. Nikamfungia majani nikamwambia achemshe asubuhi na jioni, na asiguse pombe. Akayachukua, akaondoka. Baadaye akarudi. Safari hiyo hakunuka pombe. Uso ulikuwa umeanza kurudiwa na rangi. Akakaa tena. Nikamuuliza, baba, kuna lingine? Akasema hakuna, akachukua majani mengine."

Koplo Yunus aliandika. Buberwa alisubiri kalamu isimame.

"Na mafuta ya mkaratusi? Siku zile uliyauza kwa nani?"

"Kwa wengi. Ilikuwa majira ya mafua."

"Kuna yeyote usiyemjua?"

Zabibu alitazama dirishani, mahali mvua ilipokuwa ikipiga kwenye bati la kibanda cha zamu. "Mmoja. Mwanamume, mrefu, wa makamo. Alisema ana mafua. Lakini alinusa kila chupa, akaziweka pembeni moja moja mpaka akapata kali kuliko zote. Mtu mwenye mafua hasikii harufu."

"Alisema nini kingine?"

"Watu wote huniuliza wanywe kiasi gani, au wapake mara ngapi. Yeye aliuliza kama harufu itafunika harufu nyingine kikombeni. Nikamwambia haunywewi. Akacheka, akasema ni kikombe cha kufukizia mtoto."

"Kwa nini hukutuambia haya?"

"Mliniuliza kama nilimwuzia Aristides. Hamkuniuliza kuhusu mwingine."

Yunus aliacha kuandika. Buberwa hakumtazama.

"Ukimwona utamjua?"

"Nitamjua. Alipoondoka aliniita mama Uledi. Mimi sokoni naitwa Bi Zabibu, hata watoto wananiita hivyo. Nikamwuliza, unamjua mwanangu? Akasema amesikia tu watu wakiniita hivyo. Lakini hawaniiti hivyo."

"Mwanao yuko wapi?"

"Goziba, kisiwani, kwa wavuvi. Alikwenda mwaka jana. Hajaleta salamu." Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyoitumia kusema hana mibuni.

* * *

Land Rover iliondoka Bukoba mvua ikiwa imekatika. Yunus aliendesha. Barabara ya Muleba ilikuwa tope jekundu, na kila kona walikuta kundi la watu wenye majembe wakitoka kwenye shamba la kijiji.

"Mimi bado namshuku mwenyekiti," Yunus alisema. "Afande, watu wanasema yeye na Aristides waligombana hadharani. Aristides alikataa kwenda shamba la ujamaa. Na ghala la dawa ya mibuni funguo anazo mwenyekiti."

"Tutaanza naye."

Mwenyekiti wa kijiji cha Kyamuhanga, Rutashobya, aliwapokea mbele ya ghala. Hakubisha walipomwomba afungue. Ndani kulikuwa na mifuko ya mbolea na makopo ya dawa yaliyopangwa ukutani. Buberwa alifungua kopo moja, akalisogeza puani, akalirudisha haraka. Harufu ilikuwa kali, kama kitunguu saumu kilichooza.

"Hii mtu hawezi kuinywa bila kujua," Yunus alisema.

"Kwenye maji, hawezi," Buberwa alijibu. Alifunga kopo. "Ndugu Mwenyekiti, mligombana na marehemu?"

"Tuligombana. Alipokuwa mlevi alikuwa haji kazini, na akija analala kwenye matuta. Nilimsema mbele ya watu, ni kweli. Lakini alipoanza kunywa majani yale ya Bukoba alibadilika. Akawa anafika shambani kabla yangu. Sasa nimwue mtu siku alipoanza kufanya kazi?"

"Dawa hii anaichukua nani?"

"Wakulima hawapewi mkononi, wataumia. Anayenyunyiza kijiji kizima ni mmoja, mwenye bomba. Projestus, mdogo wake Aristides. Yeye anachukua hapa na kwenda mashambani."

"Anabaki nayo nyumbani?"

"Kazi ikikatika kwa mvua, anabaki nayo."

Yunus alimtazama mkubwa wake. Buberwa alikuwa tayari anafuta mikono yake kwa jani la mgomba.

* * *

Nyumba ya Aristides ilikuwa katikati ya kibanja, migomba ikiizunguka mpaka mlangoni. Celina, mjane wake, alikuwa ameketi juu ya nyasi zilizotandikwa sebuleni, miguu ameikunja upande. Matanga yalikuwa yamekwisha na ndugu wameondoka. Aliwaletea akamwani, kahawa iliyokaushwa ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo, akakiweka katikati yao, akarudi kukaa palepale.

"Mawe, pole tena," Buberwa alisema, akimwita mama kwa Kihaya.

"Asante, waitu," alijibu kwa heshima ileile.

"Tulipokuja mara ya kwanza ulisema dawa ilitoka Bukoba kwa yule mama."

"Ndiyo. Majani na mafuta."

"Mafuta aliyaleta Aristides?"

"Hapana. Majani aliyaleta mwenyewe. Mafuta aliyaleta shemeji, Projestus. Alisema amepita sokoni, yule mama amempa ampelekee kaka yake, ya kumalizia kazi. Akasema niyamimine yote kwenye chai ya asubuhi, maana majani peke yake hayasafishi mpaka ndani."

"Ukayamimina."

"Nikayamimina. Nyumba nzima ikanuka mkaratusi. Aristides akasema leo chai ina nguvu. Akanywa yote." Celina alikuwa akitazama kikapu cha akamwani. "Nilimwongezea kidogo iliyobaki kwenye sufuria."

"Chupa iko wapi?"

"Shemeji aliiomba siku ya msiba. Alisema yule mama anataka chupa zake zirudi."

Buberwa alitafuna akamwani moja polepole kabla ya kuuliza tena.

"Kabla hajaacha pombe, nani alikuwa anamletea?"

"Projestus. Kila Jumamosi, chupa ya enkonyagi. Wengine hapa wanapika lakini wanauza. Yeye alimpa bure, mwaka mzima. Mimi nilikuwa namlaumu. Alinijibu kaka yake ana huzuni, asipokunywa halali."

"Alikuwa na huzuni gani?"

"Sijui. Zamani walikuwa wanakwenda ziwani pamoja. Walikuwa na mtumbwi. Halafu mwaka jana wakaacha ghafla, mtumbwi ukavutwa ufukoni, na Aristides akaanza kunywa."

"Alipoacha kunywa alisema nini?"

Celina alifikiri. Hakuonekana kuhangaika, alitafuta jibu kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mfuko.

"Alikuwa halali usiku. Akasema pombe ikitoka, mengine yanabaki. Aliwahi kurudi kutoka Bukoba akaketi hapo ulipokaa wewe, akasema, nilikwenda kusema, nimerudi na majani. Nikamwuliza kusema nini? Akasema kwa mama Uledi. Akasema ataenda tena, na safari hiyo hatarudi na majani. Jioni ile Projestus alikuja, wakazungumza nje muda mrefu. Siku iliyofuata ndiyo akaleta mafuta."

Kuku mmoja aliingia, akaparua nyasi, akatoka.

"Waitu," Celina alisema, "kwa hiyo ni mimi niliyempa."

Buberwa alisimama. "Wewe ulipika chai, mawe. Sumu ililetwa na mwingine."

"Lakini mkono ulikuwa wangu."

Buberwa alimwambia Yunus aandike maelezo yote upya, Celina aweke dole gumba, kisha akatoka akaenda kusimama kwenye migomba.

Yunus alipomfuata nje, Buberwa alikuwa amekwisha kupanga maneno yake. "Aliyetaka kumwua alikuwa na dawa yenye uchungu na harufu. Uchungu haukuwa na shida. Kila asubuhi Aristides alikunywa omubilizi, na hakuna kitu kichungu kuliko hicho. Ilibaki harufu."

"Ndiyo maana akaenda kunusa chupa."

"Na jina la Zabibu lingebeba lawama. Nani angemshuku mwingine, wakati marehemu alikuwa akinywa dawa za sokoni?"

"Sisi wenyewe hatukumshuku mwingine," Yunus alisema.

"Hatukumshuku."

* * *

Projestus walimkuta kwenye mwalo, chini ya kilima, akiziba nyufa za mtumbwi. Alikuwa mrefu, na mabega yake yalikuwa yameinama kwa kuzoea kubeba bomba. Alinawa mikono ziwani kabla ya kuwasalimu.

"Karibuni. Mmemfikisha yule mama mahakamani?"

"Bado," Buberwa alisema. Akakaa kwenye jiwe. "Kuna mambo hatuyaelewi. Tunataka msaada wako, wewe ni ndugu wa marehemu."

"Ulizeni."

"Mafuta ya mkaratusi yaliyokuwa kwenye chai, unajua yalitoka wapi?"

Projestus hakusita. "Kwake. Alinipa nimpelekee kaka. Sikujua kama ameweka kitu."

"Alikupa bure?"

"Bure. Alisema ni ya kumalizia."

"Ulimjuaje kuwa ndiye? Soko lina wauza majani wengi."

"Kaka alinielekeza."

"Alikwambia anaitwa nani?"

"Aliniambia tu, mwanamke wa Kiislamu, mnene kidogo, mwisho wa safu ya ndizi."

"Na chupa ulimrudishia?"

"Ilivunjika njiani."

Buberwa aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeridhika. Yunus alikuwa amesimama nyuma ya mtumbwi, upande wa maji.

"Tatizo ni hili," Buberwa aliendelea. "Wakili wa Serikali atauliza kwa nini alimwua. Hakuwa na ugomvi na kaka yako. Wewe unafikiri kwa nini?"

"Watu wa namna ile hawahitaji sababu. Mama Uledi ni mchawi, kila mtu anajua."

"Mama nani?"

Projestus alianza kufuta mikono kwenye kaptula ingawa ilikuwa imekwisha kukauka.

"Kijijini kwako wanamwita yule Mswahili wa Bukoba," Buberwa alisema. "Sokoni wanamwita Bi Zabibu. Hata tulipomkamata, kwenye jalada hapakuandikwa jina la mtoto. Uledi ni nani, Projestus?"

"Nilisikia..."

"Ulisikia kwa nani?"

Maji yaligonga mtumbwi. Projestus alitazama upande aliosimama Yunus, kisha kilimani, kisha akakaa chini mchangani taratibu, kama aliyechoka kwa kazi ya siku nzima.

"Uledi mwenyewe alikuwa anamsema mama yake," alisema. "Kila tulipovuka. Mama yangu anapika mafuta, mama yangu anajua majani. Hakuwa na habari nyingine."

Buberwa alimwonya kama sheria ilivyotaka, kwamba halazimiki kusema neno. Projestus alisema hata hivyo, akitazama magoti yake.

Walikuwa wanavusha kahawa ya magendo kwenda upande wa Uganda, yeye, kaka yake, na kijana Uledi waliyemtoa Goziba kwa sababu alilijua ziwa. Usiku mmoja waliona taa za boti ya doria. Waligeuza mtumbwi kwa nguvu, ukanywa maji, Uledi akaanguka. Alishika ukingo wa mtumbwi akataka kupanda, na mtumbwi ukalala upande wake.

"Tungezama wote," Projestus alisema.

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa na kasia."

"Ukafanya nini na kasia?"

"Nilimpiga mikono. Mpaka akaachia." Alichota mchanga, akaumwaga. "Kaka alikuwa analia turudi. Mimi nilipiga kasia kwenda mbele. Alituita kwa majina muda mrefu. Baadaye hakuita."

Yunus alikuwa amevua kofia yake. Aliirudisha kichwani, akafungua pingu.

"Kaka alipokuwa anakunywa tulikuwa tunaishi," Projestus alisema wakati pingu zinafungwa. "Yale majani ndiyo yaliyoharibu. Yalimsafisha mpaka akataka kusema."

* * *

Buberwa alijua kwamba maneno aliyoambiwa kwenye mwalo yasingesimama peke yake mbele ya hakimu. Alimpeleka Projestus kwa mlinzi wa amani, anayepokea maungamo kisheria, akayarudie huko kwa hiari, na akapanga gwaride la utambulisho katika uwanja wa kituo. Wanaume wa urefu na umri unaofanana walisimama mstari mmoja, wote miguu mitupu, Projestus katikati yao akiwa amechagua nafasi mwenyewe.

Zabibu alipita mbele yao mara moja tu. Hakurudi nyuma. Alimgusa Projestus begani kwa ncha ya kidole, kama anavyogusa mteja aliyesahau chenji, akasema, "Huyu." Kisha akarudi kusimama karibu na Yunus.

Ofisini, Buberwa alimwambia kwamba yuko huru. Alimrudishia khanga yake ya pili na kisu chake cha kukatia majani. Zabibu aliviweka mapajani.

"Yule mtu ananijua kwa jina la mwanangu," alisema.

"Ndiyo."

"Uledi amekufa?"

"Ndiyo, mama."

Zabibu hakulia. Alikunja khanga, akaikunjua, akaikunja upya kwenye mikunjo ileile. Yunus alikwenda kufunga mlango.

"Vipi?"

"Ziwani. Mtumbwi ulikuwa karibu kuzama, akaanguka."

"Uledi hawezi kuzama hivihivi. Alianza kuogelea kabla hajaanza kusema vizuri. Ndugu Inspekta, nimekaa ndani kwenu kwa kosa la mtu mwingine. Nimeangaliwa kama mwuaji. Usinipunguzie."

Buberwa alimwambia yote, pamoja na kasia, pamoja na mikono, pamoja na kuita kwa majina. Alisema kwa maneno machache, bila kupandisha wala kushusha sauti. Zabibu alisikiliza akitazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa na madoa ya kijani ambayo siku za mahabusu hazikuyatoa.

"Na yule Aristides," alisema mwishowe, "alikuwa akija kuniambia."

"Alikuja mara mbili. Alishindwa."

"Mwaka mzima nilikuwa nawauliza wavuvi wa Goziba wanaoshuka bandarini. Kila mtumbwi. Kumbe anayejua nilikuwa nimekaa naye benchi moja, nikamfungia majani, nikampa pole kwa kazi." Alikisogeza kisu juu ya khanga. "Nilipaswa kumwacha alewe?"

Nje, wale wanaume wa gwaride walikuwa wakivaa viatu vyao na kucheka.

"Mke wake yukoje?" Zabibu aliuliza.

"Yuko peke yake. Anasema mkono ulikuwa wake."

"Mwambieni mimi nimesema haukuwa wake."

"Nitamwambia."

Yunus alichukua maelezo ya Zabibu aliyoyaandika, ili mama ayasikie kabla ya kuweka dole. Akaanza kumsomea: kwamba shahidi amemtambua mshitakiwa bila kuelekezwa, kwamba mshitakiwa alinunua kwake mafuta ya mkaratusi, kwamba mshitakiwa anahusika pia na kifo cha mtu mmoja aitwaye Uledi, mvuvi.

"Ngoja," Zabibu alisema.

Yunus aliacha kusoma.

"Si mtu mmoja aitwaye. Ni Uledi Zahoro, wa Hamugembe. Zahoro ni baba yake, amezikwa hapa hapa. Andika hivyo."

Yunus alimtazama Buberwa. Buberwa alichukua kalamu mwenyewe, akakata mstari, akaandika jina juu yake kwa herufi kubwa, akamgeuzia karatasi ingawa alijua hasomi. Zabibu aliinama akayaangalia maandishi kwa muda, akauliza jina la baba ni lipi kati ya yale mawili. Buberwa akamwonyesha kwa kidole. Ndipo akaweka dole.